Ukungu wa Kulia

Kila miwani ya mtumba iliyoingia dukani kwa Zahabiya ilipita kwanza mikononi mwa Benigna, na haikutoka mpaka aibu zake zote zimepigwa picha.

Alikuwa na kigoda chake karibu na dirisha la nyuma, karatasi nyeupe ya manila juu ya meza, kitambaa cha pamba kilicholainika kwa kufuliwa, na simu ya duka. Kwanza aliipulizia miwani pumzi, maana mkwaruzo uliojificha hujitokeza kioo kikipata mvuke. Kisha aliifuta, akafumba jicho la kushoto, akaiinua dirishani na kuikagua kwa jicho la kulia. Ndipo zilipofuata picha tatu: ya mbele, ya ubavuni, na ya karibu kabisa pale penye dosari. Chini yake aliandika maneno machache pamoja na gredi, ya kwanza kwa miwani safi, ya tatu kwa mbovu ya bei ya chini, akatuma kwenye kundi la wasap la wachuuzi wa Nzega, Urambo, Kaliua na kwingineko. Nao walinunua bila kushika. Tabora imezoea kupokea mizigo ya mbali tangu enzi za misafara. Zamani mtu alikagua pembe ya ndovu, siku hizi anakagua miwani ya jua iliyovaliwa na mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua. Ilimradi kuna mkaguzi mwaminifu, biashara inakwenda. Picha ya Mama Ange haina uongo, ndivyo wachuuzi walivyosema juu ya Benigna.

Lakini alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na ishirini na sita ya hiyo aliitumia kwenye mashamba ya tumbaku Ulyankulu, ameinama. Kazi ya kuketi kigodani aliiona ni rehema ya Mungu. Akiikosa, lililomngoja ni jembe, na mgongo wake ulishasema hapana.

Zahabiya, mwenye duka, alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Kila asubuhi, kabla hajauliza habari za mzigo, alimwamkia, "Shikamoo, Mama Ange." Wapo majirani waliocheka, bosi kumwamkia kibarua wake. Zahabiya aliwajibu kwamba bibi yake Sakarbai alimlea hivyo, na mkubwa ni mkubwa hata kama mshahara wake unautoa wewe.

Balaa lilianza Jumatano, na lililetwa na mdomo wa Egidi. Huyu Egidi ni mchuuzi wa Kaliua, anawauzia abiria pale reli ya Mpanda inapochepuka, na mdomo wake haukuwahi kuwa na mlango. Aliingia dukani na begi tupu begani, asimwone Zahabiya aliyekuwa ameinama nyuma ya kaunta akifungua kiroba.

"Shikamoo, Mama Ange! Nimefuata gredi yako ya tatu, yote kama ilivyo."

"Marahaba, baba. Yote ya nini?"

"Aa, mama nawe, usinifiche! Wewe unaandika ukungu, mtu akifungua mfuko anakuta kioo kama maji ya kisima. Nauza kwa bei ya gredi ya kwanza. Mungu akuzidishie huruma hiyohiyo."

Benigna alidhani ni utani. Ukungu alikuwa ameuona kwa jicho lake mwenyewe, tena siku hizi mizigo ilikuja mibovu mno. Tangu Pasaka karibu nusu ya miwani ilikuwa na ukungu. Kweli, pichani haukuonekana, lakini yeye aliilaumu simu, na kila mara aliandika, "Kamera haionyeshi vizuri, ila ukungu upo." Basi akamcheka Egidi, akamfungia mzigo wake.

Zahabiya aliinuka Egidi alipokwisha kuondoka. Jioni aliandika kwenye kundi, mbele ya watu zaidi ya mia mbili: "Gredi ya tatu imesimamishwa mpaka tujue nani hapa dukani anatuhujumu."

Dukani walikuwa wawili tu.

Alhamisi asubuhi Zahabiya aliingia bila shikamoo. Alipita, akachukua miwani kumi na moja ya gredi ya tatu, akaipanga juu ya manila.

"Nionyeshe ukungu," alisema.

Benigna aliinua ya kwanza dirishani. "Huu hapa, umetanda kioo kizima."

Zahabiya aliitazama mbele, akaitazama ubavuni. "Sioni."

Akainua ya pili. "Na huu?"

"Sioni, Mama Ange."

Ya tatu vilevile. Kwenye ya nne mkono ulichoka, ukashuka wenyewe na miwani yake, jicho la kulia likabaki dirishani. Ukungu nao ukabaki dirishani. Ulikuwa umemfunika fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, na mashine yake, na kanga alizotundika. Benigna akafumbua jicho la kushoto, na fundi akaonekana safi, anakata uzi kwa meno.

Nyani haoni kundule. Mwanamke huyu aliyefichua mikwaruzo ya miwani ya dunia nzima, wa kwake alikuwa akiubeba usoni kila siku na kuwaandikia wengine.

Hapo angesema. Wewe na mimi tungemwambia sema, mama, sema upesi. Lakini kilichomjia ni Viktori, baba yake, aliyeanza hivihivi kwa jicho moja, akaishia kukaa mlangoni Ulyankulu miaka tisa, akiuliza kila apitaye ni nani. Nani angempa mtu wa namna hiyo kazi ya kukagua vioo?

"Egidi anakupa nini?" Zahabiya aliuliza.

Benigna aliirudisha miwani ya nne juu ya manila.

"Basi nimeelewa. Malizia kazi mpaka saa kumi. Kesho usije."

Zahabiya alikwenda mbele kuhudumia wateja. Benigna aliketi. Iliuma. Iliuma kuliko mgongo, kuliko miaka yote ya tumbaku, na kwa muda mrefu alifuta kioo kimoja hichohicho bila kujua anafuta nini. Akisema, anarudi kwenye jembe. Asiposema, anarudi kwenye jembe vilevile, tena akiwa mwizi, na Ange binti yake atasikia hivyo.

Ilipokaribia saa tisa alisogeza kigoda karibu zaidi na dirisha. Alishika manila kwa mkono wa kushoto chini ya kidevu, ili mwanga uupige uso kama alivyofanya kwa kila bidhaa. Akaigeuza simu. Picha ya mbele. Picha ya ubavuni. Ya tatu aliileta karibu kabisa, pale penye dosari.

Aliitazama kwa jicho la kushoto. Katikati ya mboni, palipostahili weusi, palikuwa na weupe kama maji yaliyooshewa mchele.

Aliandika polepole: "Jicho la kulia la Mama Ange. Lina ukungu, na safari hii kamera inaonyesha. La kushoto ni safi. Miwani yote niliyoandika ukungu tangu Pasaka iangaliwe upya, kasoro ni yangu. Sijala njama na mtu." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Gredi ya tatu." Akatuma kwenye kundi lilelile, kwa watu walewale.

Wa kwanza kujibu alikuwa Egidi. "Mama, nisamehe mdomo wangu." Benigna hakusoma waliofuata. Alikuwa anakunja kitambaa chake cha pamba, kwa kuwa kitambaa kilikuwa mali yake, Zahabiya aliposimama mlangoni na simu mkononi.

Alikuja mpaka kigodani. Akaiangalia picha, kisha jicho lenyewe, kisha picha tena.

"Kwa nini hukusema asubuhi?"

"Ningesema ungeniachisha. Sikusema, umeniachisha."

Zahabiya alivuta kiroba kilichojaa, akakikalia.

"Jumatatu tutakwenda kwa madaktari wa macho," alisema baadaye. "Wakisema halitengenezeki, sijui. Siwezi kukuahidi kitu nisichokijua."

"Haya."

Nje cherehani ya fundi ilikuwa inakwenda na kusimama. Zahabiya aliinamisha kichwa, na saa kumi hiyo ya jioni, wakati watu wa duka moja huwa wamekwisha kuamkiana zamani, alisema kwa sauti ndogo:

"Shikamoo, Mama Ange."

Benigna hakuitikia upesi. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne ya kazi hapo dukani aliiacha salamu hiyo ingoje, kwa sababu alikuwa na haki ya kuichelewesha, na kwa sababu alikuwa amechoka kweli.

"Marahaba," alisema hatimaye.

Akakikunjua kitambaa. Akachukua miwani iliyokuwa karibu, akaipulizia pumzi, akaifuta, akaiinua dirishani, na kufumba jicho la kulia.