Nakala Mia Nne na Kumi na Mbili

Jumatano hiyo Emily Bochaberi alifika ofisini Mosocho saa mbili kasoro robo, akatundika mwavuli nyuma ya mlango na kuwasha kompyuta kabla hajavua koti. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbolea, na kila kitu ndani yake kilinuka mbolea, hata karatasi. Bochaberi alikuwa mkuu wa usalama wa mitandao katika shirika lenye zahanati kumi na moja, tano Kisii na sita Nyamira. Chini yake walikuwapo wawili. Batuli, binti wa wauza vitambaa wa mjini Kisii, alisoma kumbukumbu za seva kama watu wengine wanavyosoma gazeti. Sharon alikuwa amemaliza chuo mwaka uliotangulia, na aliipenda kazi kiasi cha kuja hata siku ambazo hakuitwa. Mwaka ule walikuwa wamezuia virusi viwili na jumbe za matapeli zisizo na idadi. Hakuna aliyewashukuru, kwa sababu siku kazi yao inapofanyika vizuri hakuna kinachotokea. Wao wenyewe walishukuriana, wakanunua keki.

"Dada Emily," Batuli alisema bila kugeuka, "jana saa tisa na dakika kumi kuna mtu amenakili mafaili. Ya akina mama wa kliniki. Mia nne na kumi na mbili."

"Ameingia kutoka nje?"

"Kutoka ndani. Paswadi ya mkurugenzi, kompyuta ya mkurugenzi."

Bochaberi alikuwa bado ameinama juu ya kioo cha kompyuta ya Batuli simu yake ilipolia. Alikuwa Nyakerario, mkulima wa chai wa Gesima, aliyekuwa na namba yake tangu siku timu ilipokwenda huko kuwafundisha akina mama kuwatambua matapeli wa simu. Nyakerario alisema yuko kwenye foleni katika kituo cha kuuzia majani ya chai, na nyuma yake amesimama yeye mwenyewe.

"Wewe mwenyewe vipi?"

"Mimi, Madam. Amevaa ile sweta ya kijani niliyopigwa picha nayo kliniki. Hiyo sweta nilishampa dada yangu. Na hana kikapu, karani anamwambia asizibe foleni. Nimwambie nini?"

"Mwambie asubiri. Tunakuja."

Sharon aliendesha gari. Njiani waliwaona wengine wakitembea kando ya barabara, mmoja mmoja au wawili wawili, kila mmoja akielekea kwenye anwani yake. Walivaa nguo walizopigwa picha nazo siku ya kuandikishwa. Na kwa kuwa picha za kliniki huishia kifuani, kuanzia hapo kwenda chini wote walivaa sketi za kijivu za aina moja.

"Hao ndio wale mafaili," Sharon alisema. "Noma."

"Hesabu," Bochaberi alimwambia Batuli, naye Batuli akatoa kalamu.

Walimkuta Nyakerario nyumbani kwake, ameketi na nakala wake kwenye benchi chini ya upenu. Nakala alikuwa mpole. Alijua yaliyoandikwa kwenye faili wala hakujua zaidi ya hayo. Sharon alimwuliza jina, naye akajibu kwa sauti ya wazi: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, mume anaitwa Eric, watoto watatu wa kike, uzito kilo sitini na moja, sindano ya kupanga uzazi kila baada ya miezi mitatu, ya mwisho tarehe kumi na nne Machi.

Nyakerario alijifunga leso upya ingawa haikuwa imelegea.

"Hiyo ya mwisho tunaijua watu watatu," alisema. "Mimi, Eric na nesi. Mama mkwe wangu huja hapa kila mchana. Miaka minne anaomba kanisani nizae kijana. Akimwuliza huyu, atajibu?"

"Atajibu," Batuli alisema. "Kwenye fomu hakuna mahali pa kukataa."

Ilikuwa saa nne. Bochaberi alivuta kigoda akaketi mbele ya nakala, goti kwa goti, akaanza kumfundisha.

"Mtu akikuuliza jambo, usijibu kwanza. Uliza: wewe ni nani, na jambo hili linakuhusu nini? Akiwa si mwenyewe Nyakerario, na si nesi wako, unamwambia hapana."

"Hapana iko kwenye ukurasa gani?" nakala aliuliza.

"Haiko. Tunaiandika sasa."

Wakarudia. Sharon akajifanya jirani, Batuli akajifanya mhubiri, kisha akajifanya polisi. Mara ishirini za kwanza nakala alisema kila kitu. Mara ya ishirini na moja alisita. Kufika saa sita alikuwa amesema hapana mara tatu mfululizo, na kila mara alionekana kama mtu anayeonja chakula kipya.

Mama mkwe alifika na fimbo yake na rundo la mboga za chinsaga. Aliwatazama Nyakerario wote wawili, akasalimiana nao kwa mkono, akaketi kati yao.

"Wewe mpya," alimwambia nakala, "mwenzako huyu hunificha mambo. Hebu niambie ukweli. Tumbo lake lina shida gani?"

Nakala aliinama kidogo kwa heshima.

"Mama, wewe ni mama wa Eric," alisema. "Jambo hili linakuhusu nini?"

Bibi kizee aligeuza fimbo mikononi. Mahali fulani nyuma ya nyumba jogoo aliwika, akawika tena.

"Naona ni yeye kabisa," alisema hatimaye, akaanza kuchambua mboga. Nyakerario alikimbilia jikoni na kurudi na chai ya watu sita.

Jioni Batuli alijumlisha hesabu yake na zile zilizopigwa na manesi wa vijijini. Nakala walikuwa mia nne na kumi na mbili kamili.

Wiki hiyo kanisa la karibu na soko, mkabala na ofisi yao, liliwapa ukumbi, na timu ikafundisha makundi ya hamsini hamsini. Katika kundi la nne, mstari wa nyuma, Bochaberi alijikuta yeye mwenyewe, amesukwa ule mtindo aliopigwa picha nao kliniki mwaka 2019. Aliendelea na somo hadi mwisho. Wengine walipotoka alifunga mlango na kumwomba nakala wake aseme kilichomo. Nakala alisema, na kati ya uzito na kundi la damu akasema pia habari ya mimba iliyotoka ikiwa na miezi mitano, mtoto wa kike. Bochaberi hakuwahi kuyasikia maneno hayo yakisemwa kwa sauti. Aligundua kwamba anaweza kuyasikia. Wakapanga viti pamoja, na tangu siku hiyo nakala aliishi kwake, akilala chumba cha wageni.

Mkurugenzi, Bwana Ongeri, aliipokea ripoti yao kwa ukarimu. Ilikuwa na kurasa tisa, na saa, tarehe na paswadi vilionekana wazi. Kampuni moja ya kuuza unga wa lishe, ambayo wakala wake alikuwa shemeji wa mkurugenzi, ilikuwa tayari imeanza kuwapigia akina mama simu na kuwaita kwa majina.

"Kitu kikiibwa hukosekana," Bwana Ongeri alisema. "Kuna faili lililokosekana?"

"Hapana, mkurugenzi. Yote yapo."

"Basi hakuna kilichoibwa."

"Na hawa walioko nje?"

Bwana Ongeri alichungulia dirishani. Uwanjani mwa kanisa akina mama kama thelathini wa sketi za kijivu walikuwa wakisubiri somo.

"Hao ni ziada," alisema, akampa mkono.

Bochaberi aliipeleka ripoti kwa bodi na kuomba paswadi ya mkurugenzi izuiwe isifungue mafaili ya wagonjwa. Bodi ilikaa siku nzima. Ilijibu kwamba ripoti imepokelewa, kwamba timu inapongezwa kwa bidii, na kwamba mkurugenzi hawezi kufungiwa mlango wa shirika lake mwenyewe.

Maisha yakaendelea vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Nakala wa Nyakerario alijifunza kuchuma chai, akawa na mkono mwepesi. Watoto walimwita mama mdogo. Eric alimtengenezea kitanda. Hata ale nini, uzito wake ulibaki kilo sitini na moja. Siku za Sabato akina Nyakerario waliimba kwaya bega kwa bega, na mwalimu wa kwaya alifurahi, maana siku zote alikuwa na upungufu wa sauti ya kwanza. Watu wa unga wa lishe walipopiga simu, nakala ndio waliopokea, wakauliza maswali mawili waliyofundishwa, na simu zikapungua.

Mwezi wa Agosti, Jumanne moja, Batuli aligeuka kwenye kiti chake.

"Kliniki ya presha," alisema. "Mia sita na thelathini. Paswadi ni ile ile."

"Wanaume wamo?"

"Wengi."

"Sharon, kaombe mabenchi zaidi kanisani," Bochaberi alisema, akaketi kuandika ripoti ya pili.

Kesho yake asubuhi nakala wapya walikuja kwa barabara, manesi wakiwaelekeza kanisani, wazee kwa vijana, wamevaa suruali za kijivu na sketi za kijivu, wakajaa ukumbi na uwanja. Nakala wa Nyakerario alikuwa ametoka Gesima alfajiri bila kuitwa. Alisimama mbele, akawakaribisha na kuanza somo kwa sauti yake ya wazi, bila haraka. Bochaberi aliketi nyuma na kikombe cha chai, akasikiliza, na hakuona la kurekebisha.

Mzee mmoja wa mstari wa mbele, mwenye kofia aliyopigwa picha nayo, aliinua mkono.

"Na kama anayeuliza ni mkurugenzi?"

Nakala wa Nyakerario alimtazama Bochaberi.

"Huyo muulize mara mbili," Bochaberi alisema.

Wakaandika. Nje, Bwana Ongeri aliegesha gari lake kivulini, akawapungia wote mkono na kupanda ngazi za ofisi kwenda kuwasha kompyuta yake.