Paa Alilokula Krasulia

Mavyaa wangu alikuwa juu ya paa, miguu ameizungushia magunia, akimsema marehemu mumewe. Mimi nilikuwa chini kwenye theluji, nimevaa buti, na ndiyo sababu yeye alivaa magunia: nyumba yetu ilikuwa na jozi moja tu ya buti za majira ya baridi, na asubuhi ile jozi hiyo ilikuwa miguuni mwangu. Sikuthubutu kumwita. Mtu aliye juu ya barafu hashtuliwi.

"We Prokip," alikuwa akisema, huku mikono yake ikivuta na kung'oa. "Umelala zako huko, umejifunika udongo, unanicheka. Cheka tu. Nitakukuta."

Tita la nyasi likaporomoka kutoka kileleni, likaangukia mbele ya buti zangu. Nje lilikuwa jeusi kwa moshi na mvua. Katikati lilikuwa bado kijani.

Sasa mimi ni mzee kuliko alivyokuwa yeye siku ile, na wajukuu zangu wanakaa Edmonton katika nyumba zenye joto la kubonyeza. Wanapenda niwasimulie habari za baridi. Huwa nawasimulia habari za lile paa.

Tulifika Alberta watu wanne: mzee Prokip, mkewe Yavdokha, mwana wao Onufri, na mimi Teklia, mkaza mwana, ambaye sikuwa na hakika kama mavyaa ananipenda au ananivumilia. Huko tulikotoka, Galicia ng'ambo ya bahari, nyumba huezekwa kwa mabua ya nafaka yaliyokwisha kupurwa, makavu, manyoofu, yasiyo na faida nyingine yoyote. Ila kiangazi chetu cha kwanza hatukuwa tumevuna hata suke. Majirani walifunika nyumba zao kwa udongo wakasubiri mavuno ya mwaka wa pili. Prokip hakuwa mtu wa kusubiri. Alishika mundu wake mrefu akaenda bwawani, akakata nyasi mbichi zikiwa bado na utamu wake, akazianika, akazifunga matita, akatuezekea nyumba nzima peke yake. Onufri alimtupia matita kutoka chini, basi.

Watu walicheka mpaka wakachoka, na aliyecheka zaidi ya wote alikuwa mkewe. "Mwanamume mzima umetuezekea chakula cha ng'ombe," alimwambia mbele za watu. "Siku moja tutaamka tumkute Krasulia kapanda juu anakula nyumba."

"Angalau utajua ng'ombe wako yuko wapi," Prokip akajibu, akaendelea kufunga.

Masika yaliyofuata mti alioukata ukamwangukia. Mavyaa hakulia mbele yangu. Aliosha shati lake, akalikunja, akaliweka, na tangu siku hiyo hakulicheka tena lile paa.

Mwaka wa pili tulivuna kidogo, na shamba changa hula kuliko linavyolisha. Onufri akaenda milimani kuchimba makaa ya mawe, kama walivyofanya wanaume wote wa kwetu, akatuacha wanawake wawili na binti yetu Stefka ambaye alikuwa bado anatambaa. Theluji ikaja mapema. Ikaja juu yake nyingine, kisha jua la uongo likaiyeyusha uso na baridi ikaugandisha, ikawa sakafu ngumu ambayo hata farasi wa majirani hawakuweza kuivunja kwa kwato wapate majani.

Mavyaa aliushika uchumi wa nyumba ile kama mtu aliyeshika kamba ya kisima. Taa hatukuwasha, tulifungua mlango wa tanuri tukaonana kwa mwanga wa makaa. Maji yaliyochemshiwa viazi yalikandiwa unga. Kiazi chenyewe hakikumenywa hivi hivi: alichomoa kila jicho pamoja na nyama kidogo, akalifukia mchangani, kwenye ghala la chini ya sakafu. "Jicho ni la kupanda mwakani," alisema. "Sisi tunakula kilichobaki, na kilichobaki ndicho kikubwa, kwa hiyo usininunie." Nilikuwa nimenuna kweli. Nilikuwa na njaa, na mwenye njaa hapendi kusikia habari za mwakani.

Baada ya sikukuu ya Noeli nikashikwa na homa, na homa ilipoondoka iliondoka na maziwa yangu. Stefka alinyonya akakuta hakuna, akanitazama usoni kana kwamba nimemdanganya. Akabaki na Krasulia. Ng'ombe mwenye mimba huachwa apumzike, kila mtu anajua, sisi tulimkamua. Alitoa kikombe kimoja asubuhi, maziwa mepesi ya samawati, na mtoto alikinywa chote huku sisi wawili tukiutazama mdomo wake. Wapo wasemao ng'ombe haelemewi na nundu yake. Krasulia hakuwa na nundu, na yule mtoto hakuwa wake, lakini alimbeba.

Kisha majani yakatuishia. Tulimpa mabua yaliyokuwa ndani ya magodoro, tukalala juu ya mbao. Tulimpa matawi ya mierebi. Siku moja nikamkuta amelala na hataki kuinuka, na ng'ombe akilala mwishoni mwa baridi, mfugaji huanza kunoa kisu.

Jirani yetu Mykyta alikuja na kamba. Yeye mwenyewe alikuwa ameshapoteza maksai wake wote wawili. Tukampitishia Krasulia kamba chini ya tumbo, tukaifunga kwenye boriti ya zizi, tukamsimamisha. Akaning'inia pale, kichwa chini, mifupa ya nyonga imechomoza hadi ungeweza kutundikia koti.

"Yavdokha dada yangu," Mykyta akasema, "chinja. Ukichinja leo una nyama. Ukingoja afe, una ngozi."

"Na mtoto atakunywa nini?"

"Mungu yupo."

"Yupo, ndiyo," mavyaa akasema. "Ila hakamuliki."

Mykyta alipokuwa anaondoka alisimama uani akaliangalia paa letu, akaniangalia mimi, akavuta kofia yake masikioni akaenda zake. Alichokiona nilikuwa nimekwisha kukiona. Nilikuwa nakiona kila nilipotoka mlangoni.

Jioni nikasema. Nilisema taratibu, nikiwa nimempakata mtoto. "Mama, majani yapo. Yako juu yetu."

Mavyaa alikuwa anatafuna kipande cha mkate mpaka kilainike, amtilie Stefka mdomoni. Hakuacha kutafuna. Alipomaliza akamlisha, mtoto akautema, akalia kile kilio chake cha siku zile ambacho hakikuwa na nguvu ya kufika mlangoni.

"Lile ni la Prokip," akasema. "Alilifunga tita kwa tita. Mikono yenyewe imeshaoza, Teklia. Mimi nimebakiwa na mafundo yake tu."

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema kwa kuwa wote tulilijua: kuezua nyumba katika baridi ile ni kumwalika mauti aje akae sebuleni. Dari letu lilikuwa fito zilizokandikwa udongo, si zaidi. Nikamtazama mtoto, nikatazama juu, na nikalichukia lile paa kama mtu anavyomchukia mtu.

Kulipokucha nikavaa buti nikaenda zizini kuona kama ng'ombe bado yu hai. Alikuwa hai, basi tu. Nilimkamua, chombo kikabaki kikavu. Nikakaa pale nimeegemeza paji la uso ubavuni mwake, nikiogopa kurudi ndani na mikono mitupu, na hapo ndipo niliposikia kishindo juu ya nyumba, nikatoka, nikamwona.

Alianzia kileleni, maana paa huezuliwa kutoka juu kwenda chini. Ukianza chini, lote linakuja. Mafundo hakuyakata. Aliyafungua moja moja kwa vidole vilivyokuwa vimekufa ganzi, na kila kamba aliyoifungua aliitia kifuani.

"Mpelekee," akaniambia bila kunitazama. "Mpe kidogo kidogo, asije akavimbiwa. Na usisimame hapo umeachama mdomo, meno yatakuganda."

Nilipolipasua lile tita mbele ya Krasulia, harufu ya kiangazi ilitoka ndani yake, harufu ya bwawa na jua na jasho la mzee yule. Ng'ombe alinyanyua kichwa. Akalamba kwanza, kama asiyeamini. Kisha akatafuna, na nilipoisikia sauti ile ya kutafuna nililia kwa sauti, kwani mle zizini hamkuwa na wa kunisikia ila yeye.

Tangu hapo tulilikata paa kama watu wanavyokata mkate wa mwisho. Mavyaa ndiye aliyepima. Tita la leo, nusu tita la jioni, na makombo tuliyafagia. Nyumba ikaanza kuonyesha makombamoyo yake, ile miti ya paa, upande wa kusini, kisha upande wa kaskazini. Tulihamia sote watatu juu ya tanuri, kwenye ulingo wake wa udongo wa kulalia, mtoto katikati, na kila asubuhi nilipanda darini na koleo la mbao kuondoa theluji kabla haijapata joto ikatunyeshea. Maziwa yalirudi. Kwanza yalikuwa ya kulowesha kitambaa tu, baadaye robo kikombe, kisha nusu. Stefka akaanza tena kulia kwa hasira, na sijapata kusikia muziki mtamu kuliko huo.

Siku hizo mavyaa alipopanda kuezua buti alivaa yeye, mimi nikasubiri zamu yangu ndani, nyuma ya mlango. Kwa hiyo niliyasikia mazungumzo yake yote ya huko juu. Mwanzoni alikuwa anamgombeza Prokip. Baadaye akawa anampa habari: mtoto ameota jino, Mykyta amepata mafua, upepo umegeuka. Na asubuhi moja nikamsikia anamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwambia mtu aliyeshika ngazi:

"Huyu Teklia ni mtoto mwema. Sikukwambia ulipokuwa hai, kwa sababu wewe ndiye uliyemchagua, na ungejivuna."

Niliweka mkono mdomoni. Alipoingia akanikuta nachochea moto, akaniuliza kwa nini macho yangu ni mekundu, nikamwambia moshi. Akasema tanuri hilo halina moshi, Prokip alilijenga vizuri. Nilimpenda mwanamke yule tangu asubuhi hiyo mpaka nilipomfumba macho, na hata sasa.

Tita la mwisho lilikuwa lile la pembeni mwa bomba la moshi. Aliliteremsha siku Krasulia alipoanza kuhangaika na uchungu. Hakunikabidhi. Alikwenda nalo mwenyewe zizini, akaketi chini kwenye samadi, akamlisha ng'ombe mkononi, jani kwa jani, akimnong'oneza mambo ambayo sikukaribia kuyasikia. Ndama alizaliwa mchana, jike, mwekundu kama mama yake, akaanguka mara nyingi kabla miguu yake haijakubali kuwa ni miguu.

Theluji ilipokuwa imebaki vichakani tu, Onufri akarudi kwa miguu. Nilimwona akitokea mwisho wa shamba. Alisimama. Aliiona nyumba imebaki mbavu, ameiacha na paa, na hakusogea. Baadaye aliniambia kuwa alipokuwa pale alikuwa akituhesabu, akijiuliza ni nani atakayemkosa. Akaniita jina langu mara moja, kwa woga, kama mtu anayeita ndani ya pango.

Mavyaa akatoka, mikono ya nguo ameikunja, unga mpaka viwikoni. "Njoo," akamwambia. "Tupo wote. Umekonda."

Akaja. Akamkumbatia mama yake, akanishika mimi, akamshika mtoto, lakini macho yake yalikuwa yanarudi juu. "Mama," akasema, "paa la baba liko wapi?"

Mavyaa akanyoosha kidole uani, ambako ndama alikuwa anamgonga Krasulia kiwele kwa kichwa. "Lile pale. Limesimama kwa miguu minne." Kisha akamgusa Stefka kidevuni, palipokuwa na tone la maziwa. "Na jingine hili hapa."

Onufri alitazama alikoonyeshwa, huku na huku. Akavua kofia.

"Lote?" akauliza.

"Lote. Baba yako alijua kuezeka."

Alisema hivyo akageuka akaingia ndani, maana alikuwa ameacha mkate tanurini.

Jioni ile mvua ya kwanza ya mwaka ikatukuta mezani. Tuliisikia juu ya dari, kisha dari likalowa, na matone ya udongo yakaanza kudondoka kwenye mbao, kwenye mkate, kwenye nywele za Onufri aliyekuwa anasinzia na kijiko mkononi. Hakuna aliyeinuka. Mavyaa alinyoosha mkono wa kushoto akaufunika kikombe cha Stefka kwa kiganja, na kwa mkono wa kulia akaendelea kula.