Mtego wa Kilo Thelathini na Mbili

Jumanne asubuhi Milembe alipangusa vumbi la pamba kwenye skrini kwa ncha ya kanga, akafungua ukurasa wa mia moja na kumi na nne. Ofisi ya kampuni ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la baiskeli, Bariadi mjini. Tangu ununuzi wa pamba uachiwe watu binafsi, wanunuzi wa kila aina walikuwa wamepita hapo. Huyu wa sasa alitaka kila mkulima aone uzito wa pamba yake kwenye mtandao. Kabla kurasa hazijafunguliwa kwa watu ilibidi zijaribiwe, na kazi hiyo alipewa Milembe, binti aliyeishia darasa la saba, kwa sababu macho yake hayakuwa na haraka.

Fundi Dastan, aliyeletwa kutoka Mwanza, ndiye aliyemfundisha kutega. Mtego wenyewe ulikuwa mstari wa alama unaoiambia kompyuta sura ya kitu inachokitafuta: anzia kwenye neno Uzito, chukua tarakimu zinazofuata, ishia kwenye kg. Kompyuta ikileta namba, Milembe anailinganisha na stakabadhi ya karatasi. Zikilingana, anaweka vema.

Ukurasa huu ulikuwa wa kikundi cha kijijini kwao. Msimu uliopita mama yake, Nyanjige, ndiye aliyeswaga mkokoteni wa ng'ombe wenye pamba ya kikundi mpaka kituo cha kampuni hiyo kule Dutwa. Nyumbani ilipimwa kilo mia tatu na kumi na mbili. Dutwa mizani ikasoma mia mbili na themanini. Wenzake wakasema ameuza nyingine njiani, na kijiji kikamtenga kama ilivyo desturi: hakuna wa kumpa kaa la moto, hakuna wa kuteka naye maji, na msibani akija watu wanasogea. Nyanjige alikana mara moja tu. Lililomuuma Milembe ni kwamba hata yeye, akifagia, alikuwa akichungulia chini ya kitanda cha mama yake.

Akatega. Kwa kuwa mawazo yalikuwa kwingine, mahali pa tarakimu aliweka ile alama ya kuchukua chochote, akasahau kuiambia ikome kwenye kg ya kwanza. Mtego ukaipita hiyo, ukaenda kutafuta ya mwisho, iliyokuwa kwenye sehemu ya ukurasa ambayo macho hayaioni. Ukarudi na maneno haya: Uzito: 280 kg, punguzo la mizani: 32 kg.

Kisha mlango wa CD ukafunguka na pamba ikaanza kutoka.

Ilitoka taratibu, nyeupe, na mbegu zake, ikafunika kibodi, ikashuka sakafuni. Ilichukua dakika ishirini. Dastan alihamisha kikombe chake cha chai.

"Umeacha mtego wazi," alisema.

"Nimeona, kaka."

"Ukitega hivyo unabeba na yasiyokuhusu."

"Haya yananihusu."

Meneja, Joakim, alikuja akaishia mlangoni, maana ndani hapakuwa na pa kukanyaga. Akasoma skrini kutoka pale pale.

"Hiyo sehemu mkulima haioni," alisema. "Kwa hiyo ukurasa hauna kosa."

"Na mizani, bosi?"

"Mizani hatukukuajiri uijaribu, dada." Akaitazama pamba. "Kurasa ziko mia nne. Zote zikitapika hivi tutakaa wapi? Funga mtego. Na hii itoe, nataka kufika mezani kwangu."

Milembe aliishindilia pamba kwenye magunia mawili, akayafunga kwenye baiskeli, akaenda nayo kijijini. Jilala, mwenyekiti wa kikundi, aliitundika mizani ile ile ya msimu uliopita.

"Imetoka wapi?"

"Kwenye kompyuta, baba."

"Mwaka mzima, na haikulowa?"

"Huko hakuna mvua."

Mshale ulisimama kwenye thelathini na mbili. Jilala akapima tena, ukasimama pale pale. "Ni yenyewe," akasema, akamtuma mtu kuwaita wengine.

Jioni Salu, jirani aliyekuwa wa kwanza kunyima moto, alikuja na makaa mawili juu ya kigae.

"Mwadila, mayu," alimpa Nyanjige salamu ya jioni, akimwita mama.

"Mwadila. Umechelewa, mwenzangu. Ugali umeiva kwa kiberiti."

"Basi tubandike chai."

Nyanjige alicheka, akamsogezea kigoda. Salu alipoondoka, Milembe alibaki anakoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka.

"Mayu, hata mimi nilikuwa nachungulia chini ya kitanda."

"Nilikuwa naziona nyayo zako. Kunywa chai, inapoa."

Milembe akainywa yote. Usiku huo alilala mpaka jua likamkuta.

Kesho yake alirekebisha mtego, ukawa unakoma kwenye kg ya kwanza. Kurasa zote mia nne zilipata vema, na Dastan akarudi Mwanza.

Msimu ulipofunguliwa, kikundi kilimchagua Nyanjige aswage mkokoteni. Nyumbani pamba ilipimwa kilo mia nne. Alirudi kutoka Dutwa na stakabadhi ya mia tatu na sitini. Jilala aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Arobaini zimebaki kwenye kompyuta," alisema. "Pole na safari, mayu. Karibu ule."