Amri Moja, Mashine Mbili

Fundi wa mashine alikuwa anamalizia chai yake katika ofisi ya wakazi, mama yake alipompigia simu.

"Mwanangu, nimechoka na huyu baba yako. Nimemzika kwa macho yangu, na bado kila asubuhi anakaa mezani ananiuliza sukari imeenda wapi."

"Vumilia kidogo, mama. Namzima sasa hivi."

Hilo halikuwa jambo geni. Wafu wa mji ule walizikwa vizuri, kisha wakarudi kuendelea na mazoea yao mpaka ofisi iwazime. Fundi aliandika amri ya kuzima, killall, akafuatisha jina la marehemu, akabonyeza, na marehemu akatulia moja kwa moja. Aliifanya kazi hiyo miaka mingi kwenye Mpya, mashine ya ghorofani inayohudumia mitaa ya juu. Hakuwahi kukosea, na hilo alipenda kulisema mwenyewe.

Mitaa ya chini, alikokaa mama yake, ilihudumiwa na Kikongwe, kilichokaa chumba cha chini pamoja na mifagio. Mashine zote mbili ni kompyuta za ukoo wa mfumo wa Unix, baba mmoja, mama mbalimbali. Amri zinafanana kwa sura, tabia hazielewani. Mpya ukiiuliza tarehe, inakutajia. Kikongwe ukikiuliza vibaya, kinaibadilisha tarehe yenyewe, na ndiyo maana mitaa ya chini iliwahi kupata Jumatatu mbili mfululizo, watu wakaenda kazini zote mbili. Aliyekijua ni shemeji yake fundi. Shemeji alistaafu, na hakuna aliyemuuliza kitu siku anaondoka.

Fundi alishuka ngazi, simu sikioni, akapangusa vumbi, akaandika killall na jina la baba yake. Vidole vilijiendea vyenyewe. Mama alikuwa anasema mzee amemaliza hata mkate wa wageni. Hakufika mwisho wa neno.

Kikongwe hakisomi jina. Kwake amri ile maana yake ni kuzima kila aliye hai katika mitaa yake, basi, na kinachoandikwa baada yake ni porojo. Wafu hakiwagusi, kwa hesabu yake hawana cha kuzimwa.

Mtaani kinyozi alikuwa ameegemea kichwa cha mteja, mkasi mkononi. Bombani maji yalifurika ndoo na hakuna aliyegombana. Nyumbani fundi alimkuta mama mezani, bado ana joto. Baba alikuwa kando yake.

"Mama yako kaninunia," alisema. "Namsemesha, hajibu."

Fundi alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akambeba mama yake, akamlaza kitandani.

Meneja alikuja kukagua. "Uliandika sawasawa?"

"Sawasawa, bosi."

"Sasa kosa liko wapi? Kitabu cha Kikongwe kimesema hivyo tangu kilipoletwa."

"Kiondoeni. Watu wa chini nao wapewe mashine kama ya juu."

"Ya juu ilinunuliwa kwa ajili ya juu," alisema meneja, bila ubaya wowote. Akaongeza kwamba mitaa ya chini haijawahi kuwa na malalamiko machache namna ile.

Nyumba zilipata watu upesi, maana waliokosa pa kulala mjini hawakuisha. Fundi alipumzishwa kwa sababu ya msiba, akapewa nyumba ya mama yake kama rambirambi. Alihamia na wanawe wawili. Baba alifurahi kupata wajukuu wa kuongea nao.

Siku moja mzee wa jirani alifariki, akazikwa, na asubuhi akaonekana uani anachochea moto. Watoto wa marehemu walikwisha kwenda ofisini kutoa taarifa. Fundi alikimbilia simu. Aliyepokea alikuwa mrithi wake, mtu mwenye adabu, aliyefundishwa ghorofani.

"Kaka, usiandike chochote kwanza. Kikongwe hakisomi—"

"Usiwe na wasiwasi, dada, amri naijua," alisema. "Na jina la marehemu ninalo hapa."

Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kugonga.