Kifuniko cha Kengele ya Baba

Usiku wa kuamkia Jumatatu niliota nimeitwa na barabara. Haikupiga kelele. Ilinitumia barua, ikaipitisha chini ya mlango, na barua yenyewe ilikuwa na mwandiko wangu.

Nieleze kwanza. Mimi ni karani wa Hifadhi ya Mlango wa Mkurumbi, pale mto unapoingia baharini, upande wetu wa Tanga ambako hata bibi harusi anaweza kwenda kusukwa kwa baiskeli na asishangaze mtu. Hifadhi ina njia nne za waendesha baiskeli, zote zinazunguka mikoko na matope ya mlango wa mto. Vibao vya sheria niliviandika mimi. Na Jumatatu hiyo nilitakiwa niifute njia ya nne kwenye ramani, maana bahari imeshaimega katikati.

Njia ya nne ndiyo aliyopita baba yangu, mzee Mwinjuma, kuuza mikate. Tenga nyuma, mimi mbele nimekaa kwenye bomba la fremu. Kengele yake ilikuwa na mlio wake: mbili fupi, moja ndefu, na nyumba zote ziliujua. Hadi leo nikinusa mkate wa moto makalio yananiuma kwa lile bomba, na ninayapenda maumivu yale.

Barua ilisema: "Fika mara moja. Siwezi kufungwa na kitu cha mtu tumboni."

Nikafika. Barabara, yaani ile njia ya nne, imekaa kitako mwanzoni mwa mikoko, kilomita zake mbili za kwanza imezikunja chini yake, kama mtu anayesubiri zamu zahanati.

"Shikamoo," nasema, maana imenizidi umri.

"Marahaba. Una baiskeli?"

"Sina."

"Umeikalia."

Kweli nimeikalia. Ni ile ya baba, ambayo mama aliwapa watu wa vyuma chakavu mwaka uliofuata mazishi. Usukani una maua ya plastiki. Tairi la mbele lina mshono wa uzi wa nyavu, alioshona fundi Shemweta lilipopasuka. Kengele haina kifuniko.

"Afadhali umekuja," inasema kengele kwa sauti ya kibogoyo. "Miaka thelathini na saba nasema tk. Unajua kuishi na tk?"

Nilijua. Nilikuwa na miaka tisa. Asubuhi ile tairi lilikuwa limeshonwa kwa Shemweta, na alasiri baba aliniacha na baiskeli kwenye kona ya mikoko, akaenda kuswali. Nikafungua kifuniko cha kengele nichotee maji, nimfuge kaa. Kikaniponyoka, tope likakimeza. Baba aliporudi nilikuwa nimekaa kwenye bomba langu, mtoto mwema kabisa.

Jioni akagundua. Akahesabu mikono iliyoigusa baiskeli siku ile, akakuta ni yake na ya Shemweta. Mimi hakunihesabu.

Sasa, kwetu mpanda baiskeli hamsalimii aliyemzidi umri akiwa juu ya tandiko. Anashuka, anashika usukani, ndipo anatoa salamu. Kuanzia siku ile baba akawa anapita kwa Shemweta, aliyemzidi umri na ambaye mimi nilimwita baba mkubwa, bila kushuka. Hakumtukana, hakumsema kwa watu, alipita tu. Shemweta alikuwa akiinua mkono kutoka kwenye gurudumu analotengeneza, halafu anaushusha. Mambo hayo yalikwenda miaka kumi na tisa, mpaka baba akafa, na kwa miaka ya mwanzo mimi nilikuwa pale pale mbele, naona kila kitu.

"Twende," inasema barabara. "Lakini kibao chako kinasema mtu asiendeshe peke yake."

"Niende na nani?"

"Na yule aliye mbele yako."

Mbele yangu, juu ya baiskeli ileile niliyoikalia mimi, anakwenda mtu mwenye shati la kaki na tenga la mikate. Mgongo ule ningeutambua hata sokoni siku ya gulio. Nakanyaga pedeli.

Hatua kumi, nasimamishwa na heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu. Kibao kinasema "Wapishe ndege", kwa hiyo wamejipanga kunipita mmoja mmoja, na kila mmoja anasimama kuniuliza kama breki zangu zinashika. Najibu zinashika. Akishapita wa arobaini namuuliza anayefuata wamebaki wangapi.

"Kubaki?" anasema. "Mimi ndiye wa kwanza. Wale walikuwa wananisindikiza."

Namwambia nina haraka, baba anapotea. Anatazama mgongo wa baba, ananitazama mimi, anasogea pembeni. "Sheria uliandika wewe," ananikumbusha.

Kilomita ya pili iko jikoni kwa mama. Haina kona ya kuingilia, iko tu. Mama anaepua maandazi, ana miaka thelathini, kwa umri mimi ningekuwa dada yake mkubwa kabisa, na bado namwogopa.

"Toa mkono kabla ya kukata kona," anasema bila kugeuka.

Natoa mkono. Naizunguka mbuzi ya nazi, napita kati ya mtungi na meza. Baba ameshatokea mlango wa nyuma. Harufu ya jikoni lile ni ileile, ya mafuta, iliki na kuni mbichi, na nasema kweli, nilitamani nishuke pale na dunia iendelee bila mimi.

"Andazi utakula ukirudi," anasema mama. "Mwahi mwenzio."

Nje, bahari inajaa. Kibao cha tatu nilikiandika hivi: "Maji yakijaa, njia ni ya maji." Cha nne kinasema: "Njia hii ni ya baiskeli tu." Kwa hiyo maji yanakuja yanasukuma baiskeli. Hayajui kupanda. Yana aibu kidogo, na mnyororo umeyatoka.

"Samahani, dada," yanasema. "Unaweza kunirudishia huu mnyororo? Mimi nikiushika unapata kutu."

Naurudisha. Maji yanashukuru, yanaingiza mkono tumboni kwa barabara, pale kwenye kona ya mikoko, yanatoa kifuniko cha kengele. Kinang'aa kama siku kilipotoka dukani.

"Kaa mmoja alikifanya paa," yanasema. "Ni chako?"

"Ni cha baba."

"Mwenye kuchukua anasema kilipoteaje. Kwa sauti ya kumfikia mwenye mali."

Baba yuko mbali, tenga lake limekuwa dogo kama kikombe. Miaka thelathini na saba sentensi ile nimeilaza, sasa haitaki kuamka. Kengele inasema tk, taratibu, ya kunipa moyo.

"Baba!" napiga kelele. "Kifuniko nilikifungua mimi! Baba mkubwa Shemweta hakukigusa!"

Baba anafunga breki. Papo hapo tuko mbele ya karakana ya Shemweta, penye kibao changu cha mwisho: "SHUKA HAPA".

Na baba anashuka. Anashuka kama alivyokuwa akishuka zamani, mguu wa kulia na kubazi lake kwa nyuma, mkono kwenye usukani. Anageuka. Nilikuwa nimeanza kuisahau sura yake, na hilo lilinitesa kuliko yote. Kumbe ni ileile, na unga kwenye nyusi.

"Ulikuwa na miaka tisa," anasema.

"Sasa nina arobaini na sita, baba."

"Ile tisa nimekusamehe. Hii mingine ndiyo sijui tuifanyeje."

Anabisha hodi. Karakana imefungwa. Anabisha tena.

"Hayupo," inasema barabara. "Yuko hai. Walio hai wanafika huku kwa kuota tu, na yeye halali vizuri, miguu inamsumbua."

"Kwa hiyo nimeshuka bure?" anauliza baba.

"Hujashuka bure. Ila wa kumwambia si wewe."

Wote wananigeukia: baba, barabara, maji na baiskeli yao, yule heroe wa kwanza. Kengele imeshavaa kifuniko. Inalia mbili fupi, moja ndefu, nami nikaamka.

Nilitazama viganja vyangu, vilikuwa safi. Nikainua mto, hakuna kitu. Nikavuta shuka lote, nikaangalia hadi uvunguni, mtu mzima natafuta kifuniko cha kengele. Nikakaa kitandani nikalia kidogo. Halafu nikachukua baiskeli yangu, lakini sikwenda ofisini.

Mzee Shemweta anaishi nyuma ya karakana yake ileile. Tangu baba afe mimi pia nimekuwa nikipita pale kwa kasi, najifanya nachelewa kazini. Asubuhi ile nilifika jua linachomoza, nikashuka, nikashika usukani.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Simama hapo hapo, Saumu, utaharibu."

Alikuwa na ufagio mkononi. Uwanja mzima alikuwa ameufagia, isipokuwa ukanda mmoja mwembamba kutoka barabarani hadi mlangoni pake. Kulikuwa na alama ya tairi. Nusu ya njia, pembeni yake, zinaanza nyayo za makubazi, za mtu aliyeshuka akatembea na baiskeli yake mpaka mlangoni. Za kurudi hazikuwepo. Na katika ile alama ya tairi, kila lilipozunguka, palikuwa na kovu la uzi.

"Nimeamka nimezikuta," akasema. "Mshono huu ni wangu. Uzi wa nyavu, mafundo mawili mawili, hakuna mwingine aliyeshona hivi." Akaonyesha nyayo kwa mpini wa ufagio. "Kashuka, mwanangu. Umeona? Kashuka."

Nikamwambia yote, nimesimama vilevile, usukani mkononi. Kaa, tope, kifuniko, bomba la fremu, mkono wake aliokuwa akiuinua na kuushusha.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaingia ndani, akatoka na karai, akazifunika zile nyayo za mlangoni, kuku wasije wakazivuruga.