Betri Yetu Inaoa

Usiku wa jana niliota betri ya sola amekaa kwenye kiti cha baba, amekunja nne, anasubiri chai.

Hilo halikunishangaza. Kilichonisumbua ni kwamba chai ilikuwa haijachemka.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, Mwajabu." Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyekula vizuri zamani na sasa anakumbuka. "Mama yako yuko wapi?"

Mama alikuwa mlangoni. Kwenye upindo wa kanga alibeba simu za majirani wote, zimezimika, zinakoroma. Huku kwetu milimani Lushoto, mtu akitaka kuchaji simu anashuka mpaka barabarani, anaiacha huko siku nzima, na akirudi anaikuta imechajiwa nusu na haina kava. Ndiyo maana mjomba Sheghembe alipotuletea paneli, betri na vikorokoro vyake kutoka Korogwe, mama alilia kwa furaha. Anataka watu wachaji hapa kwetu, barazani, huku wanapiga soga.

Lakini mjomba ni mtu wa masharti. "Dada," alisema, "kesho mchana kama taa haijawaka, napakia vitu vyangu nawapelekea watu wa Bumbuli." Yeye mwenyewe hajui kuvifunga. Mama naye hajui. Wakaniangalia mimi, kwa sababu nina vidole vyembamba.

Sasa ndotoni mjomba amepiga magoti, anampima betri kiuno kwa kamba.

"Mjomba, hata hatujaanza," nikasema. Sauti ilifika kidevuni ikarudi. Ndivyo ilivyo, ndotoni na nje ya ndoto.

"Unasemaje?"

"Hakuna kitu."

Betri akakohoa. "Mimi sifungwi kamba. Leo naoa. Mshenga wangu yuko wapi?"

Hapo akaingia kontrola. Kontrola ni kile kiboksi kinachokaa katikati ya paneli na betri ili umeme wa jua usiingie kwa fujo. Ndotoni alikuwa bwana mfupi mwenye koti la kijivu, na kwenye koti ana skrubu badala ya vifungo.

"Hamjambo hapa? Nimetumwa kuposa," akasema. "Nani kanituma?"

Kila mtu akamwangalia mwenzake.

"Basi, binti, nishike mkono unipeleke kwa watu."

Kwetu sisi, aliye nje ndiye anayepokewa kwanza. Wa ndani anajua jiko liko wapi, atajihudumia. Na paneli alikuwa nje, ameegemea ukuta, mrefu, anang'aa, hajapewa hata maji. Nikamwonea huruma. Nikachukua waya zake, mwekundu na mweusi, nikazikaza kifuani kwa kontrola.

Palepale kontrola akachanganyikiwa.

Anageukia mtungi wa maji, anapiga goti: "Tumekuja kuomba mke." Mtungi unanyamaza. Anakwenda kwa mwiko. Mwiko unasema una mchumba. Anatoka mbio mpaka shambani, anapiga goti mbele ya kabichi.

Kabichi likakubali.

"Jamani," mama akasema, "kabichi la watu hilo."

"Limeridhia lenyewe," kontrola akasema, jasho linamtiririka. "Pikeni wali."

Betri hakuinuka kitini. "Mwajabu mwanangu, mshenga huonyeshwa kwanza nyumba iliyomtuma. Mimi ndiye niliyemtuma, na hajaniona. Hajui kama mimi ni wa volti kumi na mbili au ishirini na nne. Mkimwacha hivyo ataposa hata mbuzi."

"Ameshaposa," mjomba akasema.

Kweli, mbuzi alikuwa anatazama chini kwa haya, anachora ardhi kwa kwato.

Nikamfungua paneli waya zake.

"Nimekataliwa?" akaniuliza.

"Hapana, dada. Umetangulia tu."

"Basi nifunikeni. Bibi harusi gani anakaa wazi namna hii?"

Mama akavua kanga yake ya juu, akamfunika gubigubi. Akatulia. Kumbe ndivyo inavyotakiwa: wakati wa kufunga waya, paneli awe amefunikwa, maana akiliona jua hajui kunyamaza.

Nikaanza upya, safari hii kwa betri. "Mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi," akanielekeza kwa upole. "Ukizipishanisha hizo, ndoa inaungua siku hiyohiyo."

Katikati ya waya mwekundu alikuwa amesimama mtu mwembamba kama uzi.

"Wewe nani?" mama akamuuliza.

"Fyuzi. Likitokea baya, mimi ndiye ninayekufa. Msinijali, endeleeni na mazungumzo."

Mama akamletea kigoda. Akakataa, akasema amezoea kusimama.

Nilipokaza skrubu ya mwisho, macho ya kontrola yakawa ya kijani. "Aa! Volti kumi na mbili. Nyumba ya heshima hii." Akakung'uta magoti, akaenda kumwomba mbuzi radhi. Aliporudi nikamfunga paneli, kisha taa. Kila mtu akawa mahali pake.

"Imebaki idhini," kontrola akasema. "Baba wa bibi harusi ni nani?"

"Jua," paneli akajibu chini ya kanga. "Na mnigeuze kidogo. Miezi hii baba hapiti huku."

Nikamgeuza kaskazini. Nilipoinua kichwa hatukuwa tena uani. Tulikuwa juu ya bati, na bati ni refu kama barabara ya kwenda Mlalo, na pande zote ukungu umekaa kwenye mabenchi, kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa zahanati.

"Samahani," nikaunong'oneza, "jua lipo?"

"Lipo nyuma huko," ukungu ukasema. "Lakini sisi tumewahi foleni."

Kamba ya mjomba imeshamzunguka betri. "Mwajabu, mchana ndio huu. Mwite huyo baba mtu, la sivyo napakia."

"Jua," nikaita.

Kuku mmoja akageuka.

"Jua."

Kwenye benchi ukungu mmoja ukamuuliza mwenzake, "Kuna mtu kasema kitu?"

Mjomba anakaza fundo. Kiti cha baba kinalia, betri anaanza kunyanyuka bila kutaka. Kwenye kanga ya mama simu zimeacha kukoroma, zinanitazama kwa vioo vyeusi. Mama angenifokea ningepata pa kulilia. Ananiangalia tu, kama anavyoniangalia nikitumwa dukani nikarudi mikono mitupu kwa sababu muuzaji hakunisikia.

Nikapiga kigelegele.

Sijui kilitoka wapi. Kwenye harusi za watu mimi nakuwa nyuma ya nyumba naosha sahani. Kilianzia tumboni, kikapita kidevuni bila kusimama, kikaenda. Ukungu ukachanika kama shuka kuukuu. Wale wa kwenye mabenchi wakakusanya vitu vyao wakaondoka, wanalalamika kuhusu vijana wa siku hizi.

Jua likatoa kichwa. "Nani huyo?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Mwajabu."

"Napita juu ya nyumba hii kila siku, sijawahi kukusikia. Nilidhani mama yako anaishi na kuku tu."

"Nipo," nikasema, na ikasikika mpaka bondeni.

"Haya. Na huyo bwana harusi ana tabia gani?"

Betri akajibu mwenyewe, kamba bado kiunoni. "Nikipewa napokea, nikiombwa natoa. Ila nisikaushwe, baba mkwe. Nikibaki nusu, waniache nipumzike."

"Huyo ana akili," jua likasema. "Nimekubali. Mfunueni mwanangu."

Nikavuta kanga.

Taa inawaka. Inawaka kweupe, mchana, na bado kila mtu anaiona. Simu zinaruka kutoka kwenye kanga ya mama, zinakaa mkekani kuzunguka sinia, zinakula umeme kwa mkono wa kulia. Moja kuukuu ya kitochi inasema, "Inatosha, nimejaa," inapiga mbweu, na mbweu inatoka na mlio wa ujumbe. Mama anacheka mpaka anakaa chini. Mjomba hana tena cha kufunga, kwa hiyo anajifunga kamba yeye mwenyewe kiunoni, anacheza, na anacheza vizuri kuliko nilivyotegemea. Kabichi nalo limekuja. Halina kinyongo, linasifia wali.

Halafu betri akapiga makofi. "Nusu, jamani! Tumefika nusu."

Hakuna aliyebisha. Taa ikazimika kwa adabu, simu zikanawa mikono, nami nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Koo lilikuwa linawasha, nikimeza mate nasikia kama nimemeza mchanga. Betri ilikuwa kwenye boksi lake karibu na mlango, haijaoa mtu. Uani mama alikuwa anaongea na Mama Hoza, jirani yetu wa ng'ambo ya bonde, ambaye haji kwetu asubuhi hivi bila sababu.

"Mwenzangu, nakwambia hapa hakuna harusi."

"Usinifiche! Tumesikia kigelegele alfajiri, sisi wote nyumbani. Nikamwambia mume wangu, huyu anaoza binti kimyakimya. Mchele wenyewe huu nimekuja nao."

"Labda ni redio za watu."

"Redio gani? Kimetoka hapa kwako, kigelegele kikali, mpaka ukungu ukaondoka. Hebu tazama juu."

Nikatazama dirishani. Miezi hii ukungu huku kwetu haukubali kuondoka mpaka chai ya pili. Mbingu ilikuwa tupu, ya buluu, kama imepigwa deki.

Mbali kidogo, gari la mjomba lilikuwa linapanda mlima kwa gia ndogo.

Nikachukua bisibisi, nikaivuta betri kutoka kwenye boksi. Nikaanza na betri. Mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Nilipokaza skrubu ya mwisho, kontrola ikawasha kijitaa cha kijani.

"Basi kama kweli mnaoza," Mama Hoza alikuwa anasema, "bwana harusi ni nani?"

Mama akafungua mdomo kukana tena. Nikamtangulia.

"Yuko humu ndani, Mama Hoza!" Sauti ilikuwa imekauka, lakini ilivuka mlango. "Ingia umwone. Na mchele uje nao."