Lupango Yenye Robine

Mimi Célestin Ntirenganya ni mufuaji wa nguo, na simufichi mutu: hapa Goma, tangu mwaka wa 1950 nilipoanza mpaka leo, hakuna mwanaume anayenishinda kwa shuka. Madame ninayemufulia anasema hivyo mbele ya wageni wake. Nafua mashati ya bwana, nafua nguo za watoto, hata nguo za ndani za madame mwenyewe. Natia buluu, natia wanga, napiga pasi ya makaa. Na maji yanatoka kwa robine, pale pale uani, ni kufungua tu.

Na nyumbani? Nyumbani tulikaa Birere, chumba kimoja, na muke wangu Léonie alishuka ziwani na beseni kichwani. Asiyeijua njia ile asiniambie kitu. Ni mawe ya volkano matupu, yanakata miguu kama chupa iliyovunjika. Kushuka si neno. Kupanda na nguo zilizolowa ndiyo kazi.

Kisha Léonie akashika mimba. Tulikuwa tumengoja miaka sita, miaka sita ya mama yangu kule Kibumba kuniuliza kama nilioa muke au nilioa kiti. Mimba ilipofika mwezi wa tano, damu ikaonekana kidogo. Sista wa dispensari akamukataza kabisa: asibebe kitu kizito, asishuke ziwani, la sivyo mutoto atapotea, na pengine mama naye. Aliyasema mbele yangu. Nilisikia kwa masikio yangu mawili.

Nikamuambia Léonie, "Usiogope. Nitakutafutia lupango, nyumba na uwanja wake wenye uzio, yenye robine ndani, na pa kufulia pa simenti. Utafua ukiwa umekaa kwa kiti."

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Robine, Célestin? Sisi?"

"Sisi!"

Basi nikaanza kutafuta. Kila nikitoka kazini nilibisha hodi kwa watu. Nyumba ya kwanza ilikuwa na pa kufulia pazuri, lakini maji hakuna. Mwenyewe akaniambia ningoje mvua. Mvua, jamani! Ya pili ilikuwa na robine yenye kufuli, na ufunguo ulikaa shingoni mwa mama mwenye nyumba, anafungua Jumapili baada ya misa. Nikamuuliza kama anatunza maji au divai ya padri. Akanifukuza.

Ya tatu ilikuwa ya muzee Télesphore, upande wa barabara ya Kibati. Robine nzima, pa kufulia papana, kamba ya kuanikia, na muti wa avoka. Moyo ukaniruka. Lakini mupangaji alikuwa bado ndani, angehama mwisho wa mwezi.

"Ni yako," muzee akaniambia, tukapeana mikono. "Majuma matatu tu, mwanangu."

Nilirudi nyumbani nikiimba. Lakini nguo chafu hazijui majuma matatu, zilirundikana pembeni. Jirani yetu mama Philomène, mujane asiyemeza neno, akaniita mulangoni.

"Wewe Célestin, unawafulia wazungu juma zima. Beseni la muke wako ndilo linakushinda? Shuka nalo ziwani."

"Mama, niheshimu. Kule ni wanawake watupu. Nishike kikwembe cha muke wangu mbele yao, nikifue? Watanitungia wimbo."

"Nguo ya ndani ya madame unaishika."

"Ile ni kazi!"

"Haya, kaa na kazi yako," akasema, akaingia kwake.

Sikumusalimu siku mbili. Ndivyo tulivyo sisi wanaume wa kufua: kwa mushahara ni ufundi, nyumbani ni aibu. Sijui nani alitufundisha ujinga huu.

Mama Philomène mwenyewe alibeba nguo zetu mara mbili pamoja na zake. Juma la tatu akaenda Rutshuru, kwa matanga ya dada yake. Asubuhi ya Alhamisi nikatazama msumari ninapotundika nguo, hauna shati safi hata moja, nikasema, ee Mungu unisamehe, nikasema, "Leo nimevaa shati chafu. Kesho madame atasema nini?" Nilisema tu, Léonie akinisikia. Kisha nikaenda kazini.

Walioniletea habari walinikuta mikono yangu ikiwa ndani ya wanga. Léonie alikuwa ameteleza akipanda kutoka ziwani, na beseni. Mutoto alitoka amekufa, wa kiume. Léonie alifika hospitali akiwa hai, akanishika kidole.

"Shati lako," akasema. "Liliangukia mawe. Limechafuka tena."

Baada ya hapo akafa.

Siku ya tatu ya matanga, muzee Télesphore alikuja, kofia mukononi, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba nyumba imekuwa wazi, na kwamba ataelewa nikiiacha. Nikasema naichukua. Watu walisema nimerukwa na akili.

Siku ya kumaliza matanga, dada za Léonie walikuja na sabuni kufua nguo za marehemu, ndiyo desturi. Niliwakataza. Nikakaa kwa kiti mbele ya robine ya lupango ile ya muzee Télesphore, mchana kweupe, nikafua mimi. Wanawake walisimama kwenye uzio. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyetunga wimbo.

Mama Philomène, aliyekuwa amerudi kutoka Rutshuru, akaingia. Nilitaka anitukane, nilimungojea anitukane. Yeye akashika ncha moja ya kikwembe, mimi nikashika nyingine, tukakamua pamoja, tukilia.

Wanasema majuto ni mujukuu. Mimi yamenijia hata mutoto sina.

Vikwembe vitatu, blauzi mbili, kitambaa cha kichwa, nguo ndogo alizomushonea mutoto, na shati langu. Nilifua zote, nikazisuuza mara mbili, nikazianika kwa kamba. Hazikunichukua hata saa moja.